Uso wa Bibi na Jua la Mlali

Tulipokwenda Mlali kuwahani wafiwa, mjukuu alituonyesha picha pekee ya marehemu bibi yake iliyobaki katika simu. Milima ya Uluguru ilionekana vyema. Uso wa bibi ulikuwa kivuli kitupu.

Mlali iko magharibi ya milima hiyo, na asubuhi jua hutokea nyuma yake. Ukimpiga mtu picha saa mbili asubuhi akiwa ameipa milima mgongo, simu hupima mwanga wa mbingu na kuuacha uso gizani. Ngoja alasiri, jua liangaze uso na milima pamoja. Kama haiwezekani kungoja, mketishe mzee barazani, kivulini, akielekea uwanja ulio wazi. Hapo hata macho hatayakunja. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini (ukungu tunaousingizia simu aghalabu ni mafuta ya vidole vyetu), sogea kwa miguu badala ya kuivuta picha, kisha gusa uso wake kwenye skrini ili simu ipimie mwanga hapo.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza katika karne ya 11 kuwa tunaona kwa mwanga utokao kwenye kitu na kuingia machoni. Kamera nayo haina njia nyingine.

Idhini itangulie. Bibi akitaka kujitanda ushungi vizuri, asubiriwe.

Mjukuu alituuliza kama uso ule waweza kurejeshwa. Tuliongeza mwanga; ukaonekana upindo wa ushungi, na jicho moja.