Twende kwa Miguu Tukazione Sanamu

Katika mkutano wa chama chetu cha matembezi muhula uliopita palikuwa na mabishano makali. Wengine walitaka fedha zote za chama zikodi basi la kwenda Jinja. Sisi tulitaka kwenda Kampala kutazama sanamu kwa miguu. Mmoja akasimama akauliza, "Je, tuchakaze viatu kwa ajili ya mawe?" Watu wakacheka sana. Tulishinda kwa kura mbili tu, na wako ambao hata leo hawajatusamehe. Ndiyo sababu naandika.

Ni kweli kwamba kila mmoja wetu alikwisha kuiona Sanamu ya Uhuru, ile iliyo kando ya Nile Avenue. Lakini tuliiona kutoka ndani ya taksi, tumebanana kama dagaa. Nilipouliza bwenini ni nani aliyeifanya, mmoja akasema Mzungu, mwingine akasema serikali. Wala mimi sikujua mpaka mwalimu aliponiambia. Aliyeifanya ni Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, mwanafunzi wa Bibi Margaret Trowell aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere. Naye Maloba akaja kuwa mwalimu pale pale. Ilisimamishwa mwaka 1962, mwaka wa Uhuru.

Tulishuka Nakawa tukaingia mjini kwa miguu. Jua lilikuwa kali. Mwenzetu aliyevaa viatu vipya alichubuka kisigino, akavivua akavishika mkononi. Tulipofika, mlinzi mmoja alitufukuza akidhani tumetoroka shuleni, hata alipoiona barua ya mwalimu akatuacha.

Basi tukaizunguka. Ni mama, kimo chake chapita watu watatu waliosimama mmoja juu ya mwingine, naye amefungwa vitambaa mwilini. Amemwinua mtoto juu, na mtoto ameinua mikono. Hapo mabishano yakaanza tena, ila safari hii yalikuwa ya maana. Mmoja akasema vifungo ni ukoloni na mtoto ni Uganda. Ndipo kijana mmoja mkimya, ambaye sijapata kumsikia akisema darasani, akauliza: ikiwa mtoto amekwisha kuwa huru, mbona mama bado amefungwa? Ni nani atakayemfungua? Hatukuwa na jibu. Tulikaa pale karibu saa nzima, kalooli wakitutazama kutoka mitini. Kijana yule analipiwa karo na mama yake kwa mihogo anayouza sokoni, na nadhani ndiyo maana aliona tusiyoyaona sisi.

Kisha tukaenda kutazama sanamu ya Maria Naita, iliyosimamishwa mwaka 2007 wakati wa mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola. Hiyo ni familia nzima inayopiga hatua. Wengine waliipenda zaidi. Mimi sikuipenda sana, lakini nilifurahi kwamba safari hii mama hakuwa peke yake.

Wako wasemao kwamba sanamu hazimfai Mkristo, na kwamba kutembea ni kupoteza wakati. Mbona kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, watu hutembea siku nyingi kwenda Namugongo, penye kanisa lenye nguzo 22 kwa ukumbusho wa Mashahidi? Sijasikia mtu akiwaambia wangalipanda basi. Na kwa habari ya fedha, sisi tulitumia nauli na chapati tu. Zilizobaki zimo bado katika sanduku la chama, na mweka hazina aweza kuulizwa.

Nanyi wakubwa zetu mliopata kusoma hapa, nasikia baadhi yenu mlisomea sanaa Makerere. Muhula ujao twataka kukipanda kilima kile. Kama yuko atakayekubali kutuongoza Jumamosi moja, tafadhali amwandikie mwalimu wa chama chetu. Viatu viko tayari, isipokuwa vile vipya.