Kutoka usukani hadi umiliki: somo kwa wasafirishaji wa Tabora

Kila msimu wa kusafirisha tumbaku, asali na mpunga, wapo madereva wa Kipalapala na Tabora mjini wanaopiga hesabu moja: baada ya miaka kumi ya kuendesha gari la tajiri, sasa wakati umefika wa kununua la kwao. Hesabu hiyo ina kasoro. Kuijua barabara si kuijua biashara ya barabara, na wengi hulitambua hilo gari likiwa limepandishwa juu ya mawe huku riba ya benki ikiendelea kutembea.

Yupo dereva aliyeuvuka mto huo, na mashabiki wa magari Afrika Mashariki wanamkumbuka. Ove Andersson wa Sweden alishinda Safari Rally mwaka 1975 kwa Peugeot 504. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameshinda Monte Carlo. Lakini wakati anashinda Kenya, tayari alikuwa na karakana yake ya kuandaa magari ya Toyota. Kutokana na karakana hiyo ilizaliwa Toyota Team Europe, ambayo mwaka 1979 ilihamia Cologne, Ujerumani. Toyota ilitwaa Safari mwaka 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, 1992 na 1993. Mshindi wa 1975 hakuwa tena kwenye usukani. Alikuwa kwenye mahesabu.

Siri yake haikuwa mwendo. Andersson alipata mteja kabla ya kupata magari mengi: Toyota ilitaka jina Ulaya, naye aliuza ujuzi wa kulitengeneza jina hilo. Zaidi ya hayo, Safari ya siku zile ilikata maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Gari lililofika ni lile ambalo mafundi na vipuri vilikuwa vikilisubiri mbele ya safari. Kazi hiyo ni ya mwenye mali.

Tabora inalijua jambo hili tangu enzi za misafara. Kiongozi aliyetangulia mbele kati ya Bagamoyo na Unyanyembe alizijua njia na visima, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe mabegani. Faida kubwa ilikwenda kwa mwenye bidhaa na mwenye kukopesha. Hata Tippu Tip, ambaye utajiri wake ulichanganyika na biashara ya watumwa, alitegemea mtaji wa Taria Topan wa Unguja. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ujuzi wa njia ukashuka thamani.

Umiliki nao una machungu yake. Mwaka 1993 kampuni ya Toyota iliinunua timu, Andersson akabaki kuiongoza. Mwaka 1995 magari yake yalikutwa na kifaa haramu cha kuongezea hewa kwenye turbo. Timu ilinyang'anywa pointi zote za mwaka ule na kufungiwa miezi 12. Awe nani aliyekibuni kifaa hicho, jina lililochafuka ni la timu nzima. Mwenye gari anayefumbia macho turnboi na fundi wanaozidisha mzigo au kubadili vipuri ajue kwamba deni hilo litamrudia yeye.

Kwa hiyo dereva wa Kipalapala anayetamani umiliki aanze na mkataba wa mizigo, ndipo atafute gari. Fedha za matairi na vipuri azitenge kila safari, kabla ya kuhesabu faida. Na asiishi kwa tumbaku peke yake, kwani mwenye mteja mmoja hana biashara, ana ajira isiyo na mshahara.

Benki nazo zibadilike. Kukopesha kwa kutazama kadi ya gari tu ni kuweka rehani chuma ambacho kila siku kinachakaa. Ziulize kwanza nani atalipa nauli ya mzigo, kwa muda gani, na nani atakaa ofisini gari likiwa njiani. Dereva asiye na jibu la swali hilo la mwisho hajawa tayari kuacha usukani, na mkopo utakuwa umempa mzigo badala ya mtaji.