Geuzeni viti vitazame magari

Jumatatu asubuhi mteja wangu aliingia gereji bila salamu. Alizima gari, akashuka, akanishika mkono hadi mbele ya boneti. "Fundi, hii ndiyo rangi uliyonipigia?"

Lilikuwa Toyota Crown jeusi, lile jeusi ambalo sisi wapiga rangi tunaliita kwa namba yake, 202. Nililimaliza wiki tano nyuma na nilimkabidhi likiwa kama kioo, ukiinama unaona ndevu zako. Sasa jua lilipolipiga, boneti nzima ilikuwa utando wa buibui: mikwaruzo myembamba, mamia kwa mamia, inazunguka pale mwanga unapoangukia. Sikubishana naye. Nilimuuliza swali moja tu. "Bosi, umeosha wapi?"

Napiga rangi magari hapa Gerezani, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa 21. Kwa muda huo nimejifunza kusoma bodi ya gari kama daktari anavyosoma ulimi wa mgonjwa. Mkwaruzo wa ukuta naujua, wa funguo naujua, wa pikipiki iliyopita kwa nguvu kwenye foleni naujua. Ule utando nao naujua. Kwa kweli hauzunguki hata kidogo. Mikwaruzo yenyewe imeelekea kila upande, ila jicho linaona ile tu inayorudisha mwanga, ndiyo maana inaonekana kama duara. Unaletwa na kitu kimoja: kitambaa chenye mchanga kikipitishwa juu ya bodi.

Watu wengi hudhani rangi ya gari ni ngumu kama bati lililo chini yake. Sivyo. Juu ya rangi tunapuliza klia, tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'ao na kuikinga rangi na jua. Gari linapotoka kiwandani, klia hiyo kwa kawaida ina unene wa maikromita 40 hadi 50 hivi. Ni nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa chako. Punje ya mchanga ikikaa kwenye kitambaa inaichana. Mimi nikija kuondoa mikwaruzo kwa kompaundi, ninachofanya ni kuikata klia yote ya juu mpaka ilingane na sakafu ya mkwaruzo, na ikishakatwa haioti tena. Na magari yetu mengi yameshushwa bandarini yakiwa yametumika Japani miaka kumi au zaidi. Hayana klia ya kuchezea.

Mteja akanitajia alikoosha. Jina silisemi. Jumamosi iliyofuata nikaenda naye nijionee.

Siku yenyewe ilikuwa ya dabi, Simba na Yanga. Magari yalikuwa yamejaa mpaka barabarani. Ndani kuna skrini kubwa ukutani, spika mbili ndefu kuliko mimi, jiko la nyama choma linafuka, wahudumu wanapishana na masinia. Katikati, vijana wawili wanapuliza povu la rangi tatu, jekundu, buluu na njano, huku wakicheza kwa kufuata mdundo, na watu wamewazunguka wanarekodi kwa simu. Lilikuwa jambo la kupendeza kweli. Vijana wale wanajua kucheza, na watoto waliokuja na baba zao walikuwa wanacheka kwa furaha.

Nikahamia upande wa pili wa povu.

Watu walipomaliza kurekodi, gari liliachwa juani. Vijana walikwenda kuangalia mpira wa kona. Waliporudi, povu lilikuwa limekaukia kwenye boneti. Povu si urembo tu, lina kazi yake, na kazi hiyo ni kulainisha vumbi na tope ili vishuke vyenyewe kabla ya mkono kugusa bodi. Linahitaji dakika chache kivulini, kisha maji mengi. Likikauka, vumbi linabaki palepale na sabuni juu yake, na hapo unakuwa umelifanya gari kuwa gumu zaidi kuosha kuliko lilivyokuja. Rangi za povu hazisafishi chochote.

Ndoo ilikuwa moja. Niliihesabia magari manne bila maji kubadilishwa. Kijana mmoja alifuta rimu, akakichovya kitambaa kwenye ndoo ileile, akakikamua, akapanda nacho mlangoni. Kikamponyoka, kikaanguka kwenye kokoto. Akakiokota, akakikung'uta mara moja pajani, akaendelea na boneti. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilipomsogelea aliniamkia vizuri. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Badilisha maji haya kwanza." Akaweka kiganja sikioni. Nikarudia kwa sauti. Spika ilikuwa hatua tano tu kutoka pale, hakusikia neno. Nikamwonyesha ndoo kwa kidole, akadhani nataka kunawa mikono, akaniletea maji kwenye kopo.

Wakati wa mapumziko muziki ulipunguzwa kidogo ili wachambuzi wasikike, ndipo tukazungumza. Anaosha hapo mwaka wa pili. Mteja analipa 10,000 kwa gari dogo, yeye na mwenzake wanagawana 3,000. Nikamuuliza vitambaa vinatoka wapi. "Tunajinunulia wenyewe, mzee." Kile alichokuwa nacho kilikuwa kipande cha fulana ya mtumba, kimekuwa cha kijivu, kingo zimekakamaa kwa vumbi la breki.

Hapo ndipo kilio changu kilipo. Tajiri amenunua skrini. Amenunua spika, amenunua mashine ya povu, amewalipa vijana wa kucheza. Kitambaa, kitu pekee kinachogusa gari la mteja kuanzia paa hadi mlango, amemwachia kijana anayepata 1,500 kwa gari. Kijana huyo hawezi kutupa kitambaa kwa sababu kimeanguka chini. Ni mtaji wake.

Hoja ya wenye biashara naijua, na siibezi. Kuosha gari peke yake hakulipi kodi ya kiwanja. Kuna umeme wa pampu, kuna maji, na tunajua maji ya jiji hili yanavyokuwa: mwaka 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na mgawo ukaanza, wengi waliokuwa na visima ndio waliobaki wazi, na maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi. Bia na nyama ndizo zinazolipa bili hizo. Isitoshe, mteja ana haki ya kukaa mahali pazuri. Miaka ile tulikuwa tunasubiri juu ya tairi bovu huku tunarushiwa maji, na sitaki turudi huko. Mwanamke aliyetoka kazini amechoka akipata juisi baridi na kiti chenye kivuli wakati gari lake linaoshwa, hilo ni jambo jema. Muziki nao ni jambo jema. Ninachosema ni kwamba pale burudani ilipoingia, hakuna aliyepewa kazi ya kulinda usafi, na usafi ukakosa mwenyewe.

Angalia jinsi viti vilivyopangwa. Siku ile viti vyote vilielekea skrini, migongo kwenye magari. Watu zaidi ya 40, kila mmoja na gari lake nyuma yake, na hata mmoja hakuwa anaona linavyofanywa. Zamani mteja aliyekaa kwenye tairi bovu alikuwa msimamizi. Alikuwa anasema, "Kijana, hapo kwenye taa bado," na kijana anarudi. Leo mteja anaitwa baada ya saa mbili, amekula, amekunywa, timu yake imeshinda au imefungwa, na gari linang'aa kwa sababu limepakwa dawa kwenye tairi na silikoni kwenye dashibodi. Anatoa pesa, anaondoka. Mikwaruzo ataiona Jumatatu kwenye maegesho ya ofisi, na ataniita mimi.

Si mimi tu. Jirani yangu ni fundi umeme, na wiki zake nyingi zinaanza na magari yaliyooshwa injini. Kupiga injini kwa presha kunapendeza kutazama, maji yanaruka, moshi wa joto unapanda. Kisha maji yanaingia kwenye alteneta, kwenye koili, kwenye soketi za sensa, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Kuna mama mmoja mwenye sehemu ya kuoshea magari ambaye nampelekea wateja wangu. Naye ana muziki, ana samaki wa kukaanga, ana skrini, na siku ya dabi pake panajaa. Tofauti iko kwenye mambo madogo ambayo mtu asiyejua hawezi kuyaona. Vitambaa vyake ni vya rangi: vyekundu ni vya tairi na rimu, vya buluu ni vya bodi, vyeupe ni vya vioo, na chekundu kikionekana kwenye mlango kijana anaitwa pembeni. Kilichoanguka chini kinaingia kwenye beseni, hakirudi kazini siku hiyo. Kila gari lina ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Maji yake ni ya kisima, yana chumvi kidogo, kwa hiyo hakuna gari linaloachwa likauke lenyewe, maana ile chumvi huacha madoa meupe. Linakaushwa papo hapo kwa taulo safi. Kamba ya kuanikia taulo ameifunga mbele kabisa, pembeni ya jiko, mteja akiingia anaiona kabla hajaona menyu. Spika ziko upande wa jikoni, zimegeuzwa zisiwapigie waoshaji masikioni. Na viti vyake vimekaa ubavu: ukitazama kushoto unaona mpira, kulia unaona gari lako.

Nilimuuliza gharama ya vitambaa inamuumiza kiasi gani. Akaniambia kwa mwezi haifiki bei ya kreti chache za bia.

Ndiyo maana siwaombi wenye biashara wazime muziki wala wafukuze wachezaji. Naomba kitambaa kihesabiwe kwenye bajeti ileile ya spika. Naomba kijana anayeosha vizuri alipwe angalau sawa na kijana anayecheza, kwa kuwa wa kwanza ndiye anayeshika mali ya watu. Povu lipigwe kivulini, na aliyelipiga asiondoke mpaka limesuuzwa. Ndugu zangu wateja nao, kabla hamjaagiza nyama, nendeni mkatazame ndoo. Ukiona maji meusi, sema, hata kama timu yako iko uwanjani.

Ile Crown niliikata tena, nusu siku nzima, sikumtoza chochote kwa sababu tumefahamiana miaka mingi. Alipokuja kuichukua aliniuliza inaweza kukatwa mara ngapi nyingine. Nilimwambia ukweli: labda mara moja, baada ya hapo tunapuliza upya. Alikaa kimya, akapitisha kiganja juu ya boneti taratibu.

Jumamosi iliyopita alinipigia simu jioni. Nyuma yake nilisikia muziki na mtangazaji wa mpira. Alikuwa amerudi palepale, maana ni karibu na kwake na rafiki zake wote wako hapo. "Fundi," akaniambia, "nimegeuza kiti. Kijana ameshabadilisha maji mara mbili."