Shawa ya Moto Isipangishwe Bila Ethi

Mwezi wa sita ukiingia hapa Songea na baridi ya Matogoro ikianza kuuma, sisi mafundi umeme tunaitwa kazi moja tu: kufunga shawa ya maji moto. Tangu gridi ya Taifa itufikie mwaka 2018, umeme umetulia kuliko enzi za jenereta, na bafu lenye maji moto linapandisha kodi ya chumba. Sawa. Ila waya wa ethi, ule wa kijani na njano, naukuta umekatwa, au umeviringishwa nyuma ya shawa, haukuunganishwa popote.

Koili ya shawa nyingi tunazofunga imo ndani ya maji, haina ganda. Wapangaji wa Lizaboni na Mfaranyaki huniambia bomba "linatekenya", na dawa yao ni kuoga na ndala. Jamani, bomba likitekenya zima meni swichi, usioge! Mkono ukishika koki ya chuma huku maji yanakumwagikia, umeme unapita kifuani, na miliampea 30 tu zinaweza kuuvuruga moyo.

Kuchomeka nondo ya shaba ardhini iwe ethi, pekee hakutoshi. Nondo iliyopimwa Aprili udongo umelowa husoma vizuri. Kiangazi udongo unakauka, ukinzani unapanda, na ndiyo miezi ya baridi ambayo shawa haipumziki. Ukinzani ukiwa omu 50, volti 230 zitasukuma ardhini ampea zisizofika 5. Sakiti breka ya ampea 32 haitashtuka, na bomba litabaki na umeme. Kwa hiyo lazima pawe na RCCB ya miliampea 30, inayokata mara tu umeme unapovuja.

Kuna nyumba za zamani ambazo bomba la chuma la maji ndilo lililokuwa ethi yenyewe. Fundi bomba akibadilisha kipande kimoja nje akaweka cha plastiki, ethi imekufa na mwenye nyumba hana habari. Mabomba ya chuma yaliyomo bafuni yafungwe kwa klampu na waya hadi kwenye ethi ileile ya shawa, ili anayegusa shawa na bomba kwa pamoja asikute tofauti ya volti kati ya vitu hivyo viwili.

Mwenye nyumba, mwulize fundi leseni yake ya EWURA, na ethi ipimwe Agosti. Nawe mpangaji, kabla ya kulipa, omba kitufe cha majaribio cha RCCB kibonyezwe mbele yako. Umeme usipokatika, usikubali kulipia hiyo shawa.