Kimo Peke Yake Hakifungi Kikapu

Mazungumzo ya barazani katika miji yetu ya pwani yamebadilika. Zamani mpira ulipotajwa, ulikuwa ni kandanda tu. Siku hizi kila ifikapo Oktoba, ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani, ile iitwayo NBA, inapoanza msimu wake, wako vijana wanaoukatiza usingizi saa tisa za usiku ili watazame mchezo ambao huko uchezwako ni wa jioni. Kukipambazuka na kahawa ikimiminwa, utawasikia wakibishana: nani bora, nani amekwisha, kocha yupi afukuzwe. Gumzo hilo halikomi hadi fainali zitakapomalizika Juni.

Sina ugomvi na gumzo hilo. Mchezo usiozungumzwa ni kama utenzi usioghaniwa. Upo, lakini haujafika. Hata hivyo, mazungumzo ya mashabiki yana kasoro moja ambayo tukiinyamazia itawadhuru watoto wetu wenyewe. Kasoro hiyo ni kumpima kijana kwa alichozaliwa nacho na kwa alichofunga jana, bila ya kuuliza amefunzwa nini, amefunzwa na nani, na kwa miaka mingapi.

Tuchukue mfano unaorudi barazani kila msimu, nao ni wa mtoto wa kwetu. Hasheem Thabeet ni mzaliwa wa Dar es Salaam, na kimo chake ni mita 2.21, yaani futi 7 na inchi 3. Tarehe 25 Juni 2009, vilabu vya NBA vilikutana mjini New York kuwachagua wachezaji wapya, kama vifanyavyo kila mwaka. Los Angeles Clippers walitangulia wakamchukua Blake Griffin. Memphis Grizzlies, waliokuwa na nafasi ya pili, wakamtaja Thabeet. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo, na ilikuwa fahari kwa kila anayesema Kiswahili. Siku hiyo hiyo kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry alichukuliwa wa saba, na Golden State Warriors.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza wastani wa dakika 13 na kufunga alama 3 tu kwa kila mchezo. Februari 2010 alipelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini, katika timu ya Dakota Wizards. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na baada ya msimu wa 2013-14 hakucheza tena NBA. Curry naye alitangazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015, na tena 2016. Katika msimu wa 2015-16 alifunga vikapu 402 vya alama tatu, ilhali kabla yake hapakuwa na mtu aliyefikisha hata 300 kwa msimu mmoja.

Hapo ndipo kejeli huanza. "Memphis," mmoja atasema, "walinunua mnara wakidhani wamenunua mwadhini." Watu watacheka, vikombe vitajazwa tena, na kijana wa watu atakuwa amehukumiwa. Kejeli hiyo ni tamu, lakini ukiichunguza inamrudi mwenyewe aliyeisema. Mnara hujengwa, na mwadhini naye hufunzwa. Basi swali lililo la haki ni hili: mafunzo ya vijana hawa wawili yalianza lini?

Thabeet aliushika mpira wa vikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Alipochaguliwa na Memphis alikuwa na miaka 22. Katika miaka hiyo saba alihama nchi, akamaliza masomo ya sekondari Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko akatajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mwaka 2008 na tena 2009. Huyo si mvivu. Alijifunza upesi yale ambayo kimo husaidia: kuzuia mipira ya wapinzani na kulilinda eneo lililo chini ya kikapu. Lakini kuudaka mpira katikati ya msongamano, kugeuka nao bila ya kunyang'anywa, kumwona mwenzako kabla hajaita, hayo ni mambo ambayo mwili huyazoea polepole, tena aghalabu utotoni.

Curry alizaliwa ndani ya mchezo wenyewe. Baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16, kuanzia 1986 hadi 2002, naye alisifika kwa kurusha kutoka mbali. Mtoto alimfuata babake viwanjani tangu hajaweza kuufikisha mpira kwenye kikapu. Kwa hiyo siku ile ya Juni mmoja alikuwa na miaka saba darasani, na mwenziwe umri wake wote. Mashabiki waliwaweka katika mizani moja kwa sababu walichaguliwa siku moja.

Wala tusidhani kwamba Curry alirithi tu kama mtu anayerithi shamba. Alipokuwa katika shule ya sekondari, baba yake alimwambia maneno mazito: urushaji wako haufai. Tangu udogo alikuwa akiurusha mpira kutoka usawa wa kiuno, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuuinua, na babake aliona kwamba akikutana na walinzi warefu mpira huo hautavuka mikono yao. Basi wakati wa likizo ya majira ya joto baba na mwana walianza upya, wakaupandisha mpira hadi juu ya kichwa. Mwenyewe amesimulia kwamba yalikuwa majira magumu ya machozi. Kwa wiki nyingi kijana aliyezoea kufunga hakuweza kufunga ila akiwa karibu kabisa na kikapu. Lau gumzo la mashabiki lingesikizwa siku zile, angeambiwa kwamba amekwisha.

Na kuna la pili. Vyuo vikuu vikubwa vya huko havikumtaka Curry kwa sababu alikuwa mwembamba na mfupi kwa kipimo chao. Akaenda Davidson, chuo kidogo, ambako kocha Bob McKillop alimpokea na kumpa nafasi. Tazama jinsi kosa lilivyo moja tu, likiwa na nyuso mbili: huyu alikataliwa kwa mwili wake, na yule alitukuzwa kwa mwili wake, kisha akatukanwa kwa mwili ule ule.

Yuko atakayesema, mbona Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, naye alianza amechelewa, na bado akawa bingwa? Ni kweli. Lakini Olajuwon alikuwa kipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kuingia katika vikapu, na miguu yake ilikuwa imekwisha soma. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, kocha Guy Lewis hakumchezesha mwaka wa kwanza. Likizo alifanya mazoezi na Moses Malone, mchezaji mkongwe aliyekuwa miongoni mwa walio bora kabisa katika ligi, na mkongwe huyo hakumwonea huruma chini ya kikapu. Houston Rockets walimchagua wa kwanza mwaka 1984, na ubingwa wake wa kwanza aliupata mwaka 1994. Hiyo ni miaka kumi. Mwaka uliofuata, Ramadhani ilipoangukia Februari, alicheza akiwa na saumu, na akatangazwa mchezaji bora wa mwezi huo. Basi Olajuwon hauvunji mfano wetu bali anauthibitisha: aliyechelewa kuanza alipewa mwalimu, akapewa na muda.

Sisi tuliosoma chuoni twalifahamu jambo hili. Mtoto hakukabidhiwa Msahafu siku ya kwanza. Alifundishwa kwanza kutia udhu, kisha alifu, na herufi moja aliitamka siku nyingi mpaka itoke mahali pake kinywani. John Wooden, kocha wa Chuo Kikuu cha UCLA aliyetwaa ubingwa wa vyuo vikuu mara 10 kati ya 1964 na 1975, hakuwa mbali na mwalimu wetu wa chuoni. Siku ya kwanza ya mazoezi aliwafundisha wachezaji wake kuvaa soksi na kufunga viatu. Vijana hao walikuwa ni hodari waliochaguliwa nchi nzima, na bila shaka wako waliostaajabu. Lakini sababu yake ilikuwa wazi: soksi yenye mkunjo huleta lengelenge, lengelenge humtoa mchezaji mazoezini, na asiyefanya mazoezi hajifunzi. Huo ndio ualimu, kuliona lengelenge la kesho katika mkunjo wa leo.

Sasa turudi nyumbani. Katika shule zetu nyingi mwanafunzi mrefu akionekana uani, husemwa papo hapo: huyu ni wa vikapu. Huwekwa chini ya kikapu majuma machache kabla ya mashindano, huambiwa ainue mikono na asiudunde mpira, maana kuudunda ni kazi ya wafupi. Shule ikishinda, sifa ni za kimo chake. Ikishindwa, matusi ni yake. Na mwenzake mfupi, mwenye macho ya kuona pasi na moyo wa kujifunza, hutumwa akashangilie. Tumewapoteza wawili kwa siku moja.

Mafunzo yenyewe huyaanza kinyume. Kikapu cha watu wazima kiko mita 3.05 kutoka chini, na mpira wa wanaume una uzito wa takriban gramu 600. Mtoto wa miaka tisa akipewa mpira huo na kikapu hicho, hawezi ila kuurusha kutoka kiunoni kwa nguvu zake zote, na hiyo ndiyo ile tabia iliyomliza Curry alipotakiwa kuiacha. Shirikisho la vikapu la dunia, FIBA, lina kanuni za mchezo wa watoto: mpira mdogo, na kikapu cha mita 2.60. Kukishusha kikapu si jambo la kuvunja hazina ya nchi. Fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaani ataweza. Kinachohitajika ni mwalimu anayejua kwa nini kishushwe, na mzazi asiyecheka akiona kimeshushwa.

Nasema haya nikijua kwamba nchi hii si tasa. Tarehe 20 Februari 2021, mjini Yaounde, timu yetu ya taifa iliishinda Angola kwa alama 74 kwa 73, Angola ambao kufikia wakati huo walikuwa wametwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Tylor Ongwae ndiye aliyefunga kikapu cha mwisho, muda ukiwa umekwisha kabisa. Kwa ushindi huo Kenya ilirudi katika fainali za Afrika, zilizochezwa Kigali, baada ya kukosekana tangu 1993 zilipochezwa Nairobi. Mkufunzi wa timu alikuwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Barazani tulilizungumza sana lile tupio la mwisho, na lilistahili. Lakini mkono uliolirusha haukufunzwa usiku ule. Ulifunzwa jioni nyingi zisizo na mashabiki, na mwalimu wa jioni hizo hatajwi na mtu.

Basi nawaomba mashabiki wenzangu, wala siwaambii wanyamaze, wayaongeze mazungumzo yao. Mkimtaja mchezaji, mtajeni na aliyemfunza. Mkihesabu alama, hesabuni na miaka. Msimu ni miezi tisa tu, na malezi ya mchezaji ni miaka kumi na zaidi. Anayeutumia msimu kuyahukumu malezi hupima bahari kwa pishi.

Walimu wa michezo nao, ambao wengi wao hufanya kazi hii baada ya vipindi na bila ya malipo ya ziada, nawasihi wamfunze mrefu kuudunda mpira na mfupi kuzuia, mkono wa kulia na wa kushoto, na wasimpe mtoto jina la mahali kabla hajajua kazi ya kila mahali. Kombe la shule huwekwa kabatini likashika vumbi; kijana aliyefunzwa hubaki na mafunzo yake hata asipolitia mguu jiji la New York.

Na zaidi ya yote, tuchunge ndimi zetu. Pale barazani, nyuma ya wabishi, aghalabu hukaa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyewapita wenziwe wote kwa urefu. Hachangii, husikiliza. Anaposikia kijana wa Dar es Salaam aliyefika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika akiitwa mnara mtupu, anajifunza kwamba heri mtu asijaribu. Afadhali asikie kwamba mwenzake alikwenda mbali kwa miaka saba tu ya mafunzo, na kwamba yeye, tukimpa mwalimu leo, atakuwa na zaidi.