Risala ya Mashabiki wa Simba kwa Uongozi wa Klabu Kuhusu Makocha na Usajili

Waheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, wajumbe na watendaji wa klabu yetu,

Sisi wanachama na mashabiki wa Wekundu wa Msimbazi tumeona tuyaandike haya, yasiishie vijiweni. Kwanza tunawapongeza kwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya Mei 2025, fainali yetu ya kwanza barani tangu ile ya 1993 dhidi ya Stella Abidjan. Pongezi hizo zinatoka moyoni. Lakini ubingwa wa ligi tuliuonja mara ya mwisho msimu wa 2020/21, na misimu minne iliyofuata kombe limekwenda Jangwani, kwa watani wetu Yanga. Chanzo tunakiona katika namna mnavyoajiri, mnavyosajili na mnavyoachana na watu.

Tuanze na linalouma zaidi. Clatous Chama ndiye aliyefunga kwa kisigino dhidi ya Nkana, Desemba 2018, uwanja mzima ukasimama. Ndiye pia aliyetuvusha kwenda robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita, Machi 2019. Julai 2024, baada ya mkataba wake na sisi kwisha, alitambulishwa kuwa mchezaji wa Yanga. Dirisha hilohilo Jean Baleke, mshambuliaji tuliyemwacha miezi michache tu kabla, naye akavaa kijani na njano. Tukadhani somo limeeleweka. Mwaka 2025 akafuata Mohamed Hussein Tshabalala, nahodha, beki wa kushoto aliyekuwa nasi tangu 2014. Miaka 11! Mtoto aliyezaliwa mwaka aliosajiliwa hakuwahi kuijua Simba isiyo na Tshabalala.

Hatusemi mchezaji afungwe kamba. Mpira ni kazi, na kila mtu ana haki ya kutafuta riziki yake. Tunachouliza ni kwa nini nguzo ya timu iachwe hadi siku za mwisho za mkataba, ilhali kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita kuzungumza na klabu nyingine. Mtani wetu anaijua kalenda hiyo vizuri. Sisi tunaonekana kuikumbuka mlango ukiwa umeshafungwa.

Dirisha dogo la Januari 2024 tunaomba tulitaje peke yake, maana lilitugharimu. Katikati ya msimu mliwaondoa Baleke na Moses Phiri kwa pamoja, mkawaleta Pa Omar Jobe na Freddy Michael. Hatuna ugomvi na vijana hao wawili. Waliitwa wakaja, wakajituma. Lakini ni timu gani inayowania ubingwa inabomoa safu nzima ya ushambuliaji huku ligi inaendelea? Msimu ukaisha Azam na sisi tukiwa na pointi 69 kila mmoja, wao wa pili na sisi wa tatu kwa tofauti ya mabao. Tukaikosa Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya mabao, baada ya kuwaondoa wafungaji.

Kwenye benchi la ufundi hali ni hiyohiyo. Tangu Novemba 2019 hadi Septemba 2025 wameondoka Aussems, Vandenbroeck, Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Benchikha na Fadlu Davids. Makocha wanane. Wengine mliwafukuza, wengine waliaga wenyewe, lakini kila mmoja alikuja na mfumo wake na wachezaji aliowataka, na alipoondoka tukaanza upya. Robertinho alitufikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wydad wakatutoa kwa penalti tu. Novemba 5, 2023 tukafungwa 5-1 na Yanga. Kipigo kile hakisahauliki: mapumziko ilikuwa 1-1, kipindi cha pili tukapachikwa manne. Siku mbili baadaye kocha hakuwepo. Je, mabao yale manne ya kipindi cha pili yalikuwa yake peke yake? Kikosi kile kilisajiliwa na nani?

Na Juma Mgunda tumemtendea nini? Septemba 2022 aliitwa kuziba pengo, akatupeleka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari akaletewa bosi juu yake, Robertinho. Aprili 2024 Benchikha alipoaga, akaitwa tena kuokoa msimu. Mzalendo huyu aliitwa kila nyumba iliposhika moto, na ilipopoa akaambiwa apishe. Jambo hilo linawavunja moyo makocha wetu wote wa ndani.

Msimu ambao kocha mmoja, Fadlu, aliachwa afanye kazi tangu Julai hadi mwisho, tulicheza fainali ya Afrika na tukapigania ubingwa hadi mechi ya mwisho. Tunawaomba mlitazame hilo kwa makini.

Kwa hiyo tunataka kocha ajaye apewe misimu miwili kamili, na malengo yake tuyajue tangu mwanzo. Tunataka mkurugenzi wa ufundi mwenye sauti ya mwisho kwenye usajili, atakayebaki hata kocha akiondoka, ili asiletwe mchezaji wala asiachwe bila sababu ya kiufundi. Mazungumzo ya mkataba na wachezaji wa kikosi cha kwanza yaanze mwaka mzima kabla haujaisha. Kocha mzawa apewe mkataba wa kudumu kwenye benchi, wenye heshima na maslahi. Na nahodha anapoondoka, klabu itueleze wanachama wake ilimpa ofa au haikumpa. Tusiisubiri habari hiyo kutoka Jangwani.

Ada zetu tunalipa, tiketi tunanunua, jezi tunavaa. Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya dirisha lijalo la usajili kufunguliwa.

Tunaomba kuwasilisha.