Mario bila kuruka, na matobo ya soka letu

Juzi baada ya magharibi niliingia kwenye kibanda kimoja cha gemu huku kwetu Ng'ambo, nyuma ya majumba ya Michenzani, kumtafuta mtoto wa kaka yangu. Alikuwa ametumwa mikate tangu alasiri. Nikamkuta, mikate kwapani imeshapoa, yeye na wenzake wamewapa mgongo wanaocheza mpira kwenye PlayStation na wameinamia simu moja.

"Shikamoo, Ami. Hebu njoo umuone huyu. Anacheza Mario bila kuruka!"

Nilikuja kumkaripia, nikajikuta nauliza: anachezaje? Maana Mario bila kuruka ni kama kipa bila mikono.

Kwa wasiomjua, Mario ni yule bwana wa masharubu na kofia nyekundu wa kampuni ya Kijapani ya Nintendo. Alipotokea mara ya kwanza mwaka 1981, katika gemu ya Donkey Kong, hata jina lake lilikuwa Jumpman, yaani mtu wa kuruka. Mwaka 1996 ikatoka Super Mario 64, na humo kitufe cha A ndicho cha kurukia. Sasa kuna watu wamejiwekea sharti wenyewe: kuimaliza gemu hiyo kwa kubonyeza A mara chache kabisa, na ikiwezekana wasiibonyeze hata mara moja. Hakuna zawadi wala kombe. Ni sharti tu.

Wanafanyaje? Wanatafuta kasoro zilizomo ndani ya programu. Vijana wanaziita glichi. Mimi nimeamua kuziita matobo, maana ni kupitisha mpira pale beki alipodhani pamefungwa.

Januari 2016, mmoja wao anayejulikana kwa jina la pannenkoek2012 alieleza tobo moja ambalo lilinichosha akili. Mashine inapotaka kujua kama Mario amekanyaga ardhi, inatumia namba yenye ukomo. Ukimpeleka mbali kupita ukomo huo, hesabu inaanza upya, kama mita ya gari iliyofika mwisho ikarudi sifuri, na mashine inadhani yuko uwanjani kumbe ameshatoka nje ya dunia yake. Ili kufika huko Mario alihitaji kukusanya kasi kwa saa 12, akikimbia bila kusogea. Bwana huyo alikuwa akitumia kompyuta inayokwenda picha moja moja, si vidole vitupu, na hakuficha. Tena akahesabu bonyezo lake kuwa nusu, kwa sababu aliingia akiwa ameshakishikilia kitufe tangu huko alikotoka. Walimwengu wakamcheka kwa hiyo nusu. Mimi sikucheka. Mtu anayejihesabia hata nusu ya kosa lake ni wa kuvuliwa kofia.

Tobo jengine limo katika toleo la gemu hiyo kwenye mashine ya Wii. Kuna majukwaa yanayopanda na kushuka juu ya moto, na kwa kasoro ndogo ya hesabu za desimali yanazidi kupanda kidogo kidogo. Ukiiacha mashine inawaka kwa takriban siku tatu, yanakuwa yamepanda kiasi cha Mario kupita bila kuruka. Siku tatu, mpenzi msomaji! Sie refa akiongeza dakika saba tunataka kuingia uwanjani.

Asubuhi yake nikaipeleka habari hii barazani, kwenye kahawa. Mzee mmoja akasema huo si ushindi, ni kutumia ubovu wa mashine. Mwengine akasema kama mashine imekubali, basi halali, mbona mshambuliaji akiona beki kalala hamwamshi? Wakabishana mpaka kahawa ikaisha.

Mimi nasema wote wawili wameuliza swali siyo. Cha kuuliza si kama tobo lipo. Matobo yapo kila pahala penye sheria. Uliza hivi: huyu ameingia kwenye tobo ili kujiongezea kazi, au kujipunguzia?

Soka lina matobo yake. Tarehe 27 Januari 1994, katika mechi za kufuzu Kombe la Karibiani, Barbados ilihitaji kuifunga Grenada kwa tofauti ya mabao mawili. Waandaaji walikuwa wameweka sheria kwamba bao la dhahabu katika muda wa nyongeza linahesabiwa mawili. Barbados ikiongoza 2-1, dakika zinayoyoma, mchezaji wake akageuka na kujifunga makusudi, ikawa 2-2 ili waende muda wa nyongeza. Grenada wakashtuka, wakataka kufunga goli lolote kati ya mawili, lao au la wenzao, na Barbados wakawa wanalinda pande zote mbili. Mwisho Barbados wakapata bao lao la dhahabu na mechi ikaandikwa 4-2. Hawakuvunja sheria hata moja. Lakini nani aliyetoka pale akajisifu amecheza mpira?

Ndiyo maana wenye sheria hawaachi kuziba. Mwaka 1992 wakamkataza kipa kudaka pasi ya mguu ya mwenzake, kwa sababu timu ziliacha kucheza, zikabaki kurudisha mpira nyuma. Mwaka 2025 wakaamua kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, inakuwa kona. Wamechoshwa na makipa wanaoukumbatia mpira kama mtoto mchanga.

Sasa turudi nyumbani, na hapa panauma. Tobo letu kubwa si kipa anayelala chini. Ni kijeba. Aprili 2018 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17 iliondolewa kwenye mashindano ya CECAFA kule Burundi, kwa sababu ilikwenda na wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2002, siku iliyowekwa kuwa mpaka. Visiwa hivi vilivyohangaika miaka na miaka kutambuliwa kisoka, vikarudishwa kwa tarehe za kuzaliwa. Na walioumia zaidi ni watoto wa umri halali, ambao nafasi zao zilikwenda kwa wakubwa.

Kijeba anapendwa kwa sababu anafanya kazi moja vizuri sana. Mpira ukibutuliwa mbele, yeye anawakimbia na kuwazidi nguvu watoto, anafunga. Hicho ndicho kitufe chetu cha A: kubutua. Kocha wa vijana akibanwa, anabonyeza. Kombe linakuja, viongozi wa mtaa wanafurahi, picha zinapigwa. Halafu yule mtoto anafika miaka ishirini, mabeki wote wana nguvu kama yeye, kitufe hakifanyi kazi tena, na chengine hajakijua.

Sie tulipokuwa wadogo kitufe hicho tulinyang'anywa na vichochoro. Huku Ng'ambo ukiubutua mpira unatua juu ya bati la mtu, na sheria ilikuwa moja: aliyepiga ndiye anayekwenda kuomba. Nani alitaka kukabiliana na bibi aliyeamshwa usingizini? Basi mpira wa soksi ukatambaa chini, tukajifunza ukuta ni mchezaji wa ziada, tukajua tobo na kanzu katika upana wa mikono miwili. Hakuna kocha aliyetufundisha. Tulinyimwa njia rahisi, tukaitafuta ngumu.

Ombi langu kwa maalim wa timu za vijana ni dogo. Mara moja kwa wiki, wanyang'anyeni kitufe. Mechi nzima hakuna kubutua. Au migusano miwili tu kila mchezaji. Au bao halihesabiwi mpaka lifungwe kwa mguu usioupenda. Mtafungwa, tena mtafungwa vibaya mwanzoni, na wazee wa timu watanuna. Waambieni wanune. Na mtoto asiye na umri, mrudisheni kwa wenzake wa rika, hata kama kombe litaondoka naye.

Yule mtoto wa kaka yangu nilimrudisha nyumbani na mikate yake ya baridi. Njiani akaniuliza: "Ami, kwani wewe ulikuwa unacheza guu gani?" Nikamwambia la kulia. "Na la kushoto?"

Nikanyamaza. La kushoto lilikuwa la kusimamia tu.